Baba Anaota Jua

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Shikamoo hii ni yako peke yako. Ya Baba nimeiweka pembeni, utaikuta mwisho wa barua, na ukifika huko utaona kwa nini.

Najua umeshangaa kuletewa bahasha. Tangu dada Zainabu anunue ile simu yake hakuna aliyeandika barua nyumbani kwetu, na mimi mwenyewe mkono umesahau, nimechana karatasi nyingi kabla ya kufika hapa. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe bila kumwita Zainabu. Si ulitusimulia ulivyojifunza kusoma ukubwani, umenibeba mgongoni, na mwalimu akilalamika kwamba mtoto wako anapiga kelele kuliko darasa zima? Basi mtoto huyo ndiye anayekuandikia. Kaa pale mlangoni penye mwanga, soma polepole, usiruke mahali.

Zamani barua zetu zote zilikuwa na wimbo mmoja: mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Tulifundishwa hivyo shuleni, tukaandika hivyo hata kwa mtu wa kijiji cha pili ambaye tungemwona mnadani kesho yake. Leo nimeanza kuyaandika maneno hayo nikakwama kwenye neno hofu. Mama, safari hii ni kweli. Hofu ni juu yenu, na imenikaa kifuani.

Nianze na habari za huku, ili nikifika kwenye hizo za huko uwe umeshanielewa.

Hapa Oman joto limeanza kurudi. Bado tunalala wanne chumba kimoja, na mmoja wao ni huyu Shabani aliyekukabidhi barua, fundi umeme, mtu wa Manyoni. Mkirimu, ni ndugu. Huku mtu wa Manyoni na mtu wa kwetu Mtinko ni watu wa mji mmoja. Tunagombania hata upepo wa kwetu, yeye anasema wa Manyoni ni mkali zaidi, nami namwambia hajawahi kusimama juu ya mawe yetu mwezi wa saba. Tunapika ugali wa unga wa mahindi tunaoupata kwa Wahindi, lakini hauna maana bila mlenda. Mwaka huu mzima sijala mlenda, na sitaki kulizungumzia zaidi nisije nikaanza kulia kabla ya wakati.

Kazi ni ileile. Mafuta ghafi ya kula yanashushwa melini, meusi, mazito, tunayaosha, tunayachemsha, tunayaondoa harufu, yanaingia kwenye madumu yanang'aa. Mara mojamoja yanaletwa mafuta ya alizeti. Siku hizo mimi hujipitisha karibu na matangi bila kazi yoyote, nikisimama tu ninuse. Wenzangu wanadhani nasikiliza kama kuna bomba linavuja. Mimi niko shambani kwetu, alizeti zimeinamisha vichwa, na wewe unanifokea kwa sababu nimewaacha ndege wazile.

Najua unawaambia majirani kwamba natengeneza saa za mashine. Ndiyo sababu nilipokuja likizo mzee wa msikitini aliniletea saa ya ukutani. Nikabadilisha betri, akaniombea dua ndefu kana kwamba nimefufua mtu. Lakini hukukosea sana. Kiwandani kila tangi na kila bomba lina kitu kidogo kinachosema ndani kuna joto kiasi gani, presha kiasi gani, maji yamefika wapi. Habari hizo zinakwenda kwenye skrini katika chumba kimoja chenye baridi, na humo watu wawili wanaendesha kiwanda kizima bila kukigusa. Kazi yangu ni kuhakikisha vile vitu vidogo havisemi uwongo. Ni hilo tu. Sipiki mafuta, siendeshi mtambo. Nazunguka kutwa nikiviuliza vyuma: hiki unachosema ni kweli?

Baba ndiye aliyenielewa upesi kuliko wote. Nilipomweleza alicheka, akasema kumbe ni kama kugonga mzinga. Unakumbuka alivyokuwa akinichukua porini kukagua mizinga yake. Hapandi mti kwanza. Anaugonga kwa fimbo, anatega sikio. Nyuki wakiwemo wanamjibu. Na mzinga ukinyamaza, alikuwa akiniambia, usijifariji kwamba wamelala, panda ukaone. Nimesoma chuo, nimefundishwa na Wahindi na Wafilipino, na sijapata somo lililozidi hilo.

Sasa nikwambie lililotokea, ambalo kwenye simu nililiruka. Nawe usinigombeze kwa kuliruka, maana hesabu yetu ya kurukiana mambo iko sawa.

Mwezi uliopita boila yetu ilipasuka. Boila ni lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke. Ubavuni lina kioo kirefu, ukikitazama unajua maji ndani yamefika wapi. Kioo hicho kimeungwa na boila kwa vibomba viwili, kimoja juu na kimoja chini. Maji ya huku yana chumvi nyingi, kwa hiyo ukoko unajijenga ndani ya vibomba kama ukoko wa sufuria ya ugali. Kibomba cha chini kikiziba, maji yaliyomo kwenye kioo yanabaki palepale, hata kama ndani ya boila yanakwisha. Ndiyo maana kila zamu lazima mtu afungue koki ya chini, amwage maji ya kwenye kioo, kisha atazame kama yanarudi upesi. Yakirudi upesi, kioo kinasema kweli. Yakisita, moto uzimwe.

Kulikuwa na oda kubwa ya mafuta kwa ajili ya mfungo. Huku Ramadhani ikikaribia watu wananunua mafuta kama watakaanga dunia nzima. Nilimwambia msimamizi wetu kwamba kile kibomba kimeanza kusita, kisafishwe. Akaniambia kusafisha ni kuzima boila, tumalize oda kwanza. Si mtu mbaya, naye ana bosi anayempigia kelele. Nikaitikia. Na ile desturi ya kufungua koki kila zamu ikaanza kurukwa, kwa sababu watu walikuwa wanakimbizana, na kioo kilikuwa kinaonyesha vizuri tu.

Aliyekuwa kwenye boila siku hiyo ni Karim, mwenzangu wa Bangladeshi ninayekula naye meza moja. Kioo kilionyesha nusu. Asubuhi nusu, adhuhuri nusu, hakikutikisika, na kila aliyepita alikitazama akaendelea na shughuli zake. Hata kile kifaa cha kuzima moto maji yakipungua kilikuwa kimeungwa kwenye kibomba hichohicho, kwa hiyo nacho kiliamini maji yapo. Ndani, mabomba yalikuwa yanaungua makavu. Mimi nilikuwa upande wa matangi niliposikia kishindo. Nilipofika, mvuke umetanda mpaka huoni mkono wako mwenyewe, na Karim anatambaa kutoka humo, nikambeba.

Yuko hai, alhamdulillahi. Ameungua kifua na mikono yote miwili.

Wakubwa walikuja wamevaa kofia mpya, wakatuita mmoja mmoja. Kuna waliotaka tuseme Karim alisinzia. Hakusinzia, Mama. Alikuwa anakitazama kile kioo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka chakula kinanishinda: aliungua akiwa macho, anatazama mahali palipomwambia kila kitu ni salama. Nikawaeleza jinsi kibomba kilivyoziba na nani aliambiwa nini. Tangu hapo msimamizi ananijibu salamu kwa kidevu.

Ijumaa nikaenda hospitali kumwona. Amefungwa bandeji kuanzia shingoni mpaka kwenye vidole. Tukiwa tunaongea, simu yake ikalia kwenye meza, ni mama yake, anapiga ile ya picha. Karim akanitazama. "Issa, nishikie," akasema. "Uso tu. Usishuke chini ya kidevu."

Nikaishika. Kibengali sikijui hata neno, lakini yote niliyaelewa. Mama anauliza umekula, anajibu nimekula. Mama anauliza mbona umelala mchana, anajibu nimetoka zamu nimechoka. Akamfanyia mzaha mama yake, mama akacheka, nikamwona kwenye kioo cha simu: mama wa makamo kama wewe, mtandio kichwani, ameshika ungo. Mkono wangu ukaanza kuchoka na kushuka, Karim akanikazia macho nisithubutu. Simu ilipokatika alilia kwa muda mrefu, nami nikawa namfuta machozi kwa sababu yeye mikono hana. "Mama ana presha," aliniambia. "Nikipona nitamwambia."

Nilitoka pale na swali moja ambalo mpaka leo halijaniacha. Kwetu sisi, simu anaishika nani?

Ijumaa iliyofuata nikakupigia. Naomba ukumbuke yale mazungumzo, maana mimi nayakumbuka kama yalivyokuwa. Nikakuuliza, "Baba hajambo?"

"Hajambo, mwanangu, tuko salama."

"Nipe nimwamkie."

"Yuko nje, anaota jua."

Mama, wakati unasema maneno hayo mvua ilikuwa inapiga bati mpaka ilikubidi upaze sauti. Niliisikia mvua ile kama niko sebuleni. Nilisikia maji yanavyomwagika kwenye ndoo uliyoikinga pembeni. Nilimsikia Zainabu anawafokea watoto waingize kuni. Nikakuuliza tena, nikidhani labda mimi sikusikia, nawe ukapiga kelele zaidi: "Nimesema anaota jua!"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Wenzangu chumbani wakadhani nimepewa habari ya harusi. Kisha nikakaa kitandani, simu mkononi, nikaona baridi kwenye joto lote hili.

Njia ya mwongo ni fupi. Nisamehe kuliandika neno hilo kwenye barua ya mzazi wangu, sikuwa na lingine. Lakini bati ndilo lililokusema, na bati lile nilililipia mimi kwa kazi hii hii, nikang'ang'ania tubomoe tembe la babu, nawe ulikuwa hutaki. Tungebaki kwenye tembe, udongo wa juu ungeimeza mvua kimya kimya, na mimi ningeendelea kuamini.

Baada ya hapo nikaanza kurudi nyuma. Wakati mnapanda nilikuuliza, ukasema anaota jua. Wakati wa palizi, anaota jua. Jioni moja giza limeshaingia huko kwenu, najua, maana adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, bado anaota jua. Mara ya mwisho kuisikia sauti yake mwenyewe aliniambia, "Kazi njema, baba," akakohoa, na wewe ukaichukua simu haraka ukaniuliza habari za mshahara, wewe ambaye hujawahi kuniuliza habari za mshahara. Zainabu nikimwomba aniwashie picha nimwone, kamera ina ukungu. Ukungu huo haujaisha tangu mavuno. Jibu lenu ni lilelile, Mama, halipandi, halishuki. Mimi ni fundi wa vitu hivi. Kitu chochote chenye uhai ndani kinatikisika kidogo.

Nikampigia Jumanne. Unamjua mtoto wa baba mkubwa alivyo, mtu ambaye ukimuuliza bei ya kuku atakueleza mpaka ukoo wa muuzaji. Safari hii alinyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Mzee anaendelea vizuri, ndugu yangu, we piga kazi." Sasa mtu ambaye haumwi anaendelea vizuri na nini?

Na ni Jumanne huyo! Yeye wa kuninyamazia mimi! Mmesahau wenyewe mlivyomleta?

Mimi sijasahau. Baba mkubwa alipofariki, Jumanne alikuwa Mwanza kwenye vibarua vyake. Wanaume wote wamekaa uani, maiti imelazwa ndani, Baba akachukua simu akasimama mbele yetu, sisi tukashusha macho. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jumanne, baba yako anaumwa kidogo. Jitahidi ufike." Akakata. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu ndivyo kwetu tunavyoitana. Aliye mbali haambiwi. Anaambiwa anaumwa kidogo, anafika, anaona mwenyewe.

Kesho yake Jumanne akashuka kwenye basi na mfuko. Alikuwa amemnunulia mgonjwa maboksi ya juisi, glukosi, na ndala mpya za kuvaa wodini. Kuanzia barabarani akaliona turubai, akawaona watu kwenye mikeka. Hakukimbia wala hakulia. Alitembea tu na mfuko wake, watu wakimpisha, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpokea. Mpaka makaburini mfuko ulikuwa mkononi, ilibidi auhamishie mkono wa kushoto ili arushe udongo. Jioni tulipokaa, akaufungua, akazitazama zile juisi, akasema, "Wapeni watoto." Watoto wakanywa kwa furaha, wao wanajua nini.

Usiku ule nikamuuliza Baba kama haikuwa bora tumwambie ukweli. Akanijibu, "Mtu aliye njiani habebeshwi msiba. Angeanguka kwenye basi, nani angemwokota?" Nikakubali. Hata leo siwezi kusema alikosea. Ni upendo, najua ni upendo, nami nimelelewa nao. Lakini mimi siko Mwanza, Mama. Kutoka hapa hata nikiambiwa anaumwa kidogo alfajiri, sifiki kesho, wala keshokutwa. Siku hizi simu ikiita nikaona jina la Zainabu, siipokei kwanza. Naiacha iite huku namwomba Mungu lisiwe lile neno, kidogo. Likishatamkwa hilo, hakuna cha kuuliza tena.

Najua wewe si mwenye shauri hili. Namjua mwenye shauri, ni Baba. Amekuambia, mwache mtoto amalize mkataba wake, akisikia ataacha kazi, nyumba haijaisha, watoto wa Zainabu wanasoma kwa nguvu zake. Namsikia kabisa, na kidole amekinyoosha. Yeye huyohuyo aliyetucharaza tulipoficha vidonda vya miguu, akatuambia mficha maradhi kilio humuumbua. Muulize kwa niaba yangu hiyo methali ilikuwa ya watoto peke yao?

Basi sikiliza, na ukilifikia hili kaa chini kama umesimama. Mkataba wangu unakwisha. Ofisi wameniita nisaini mwingine, na anayesaini sasa haruhusiwi likizo mpaka mwaka upite. Pamoja na yote niliyowaambia kuhusu boila bado wananitaka, maana hawajapata mwingine. Jana nimeenda nimewaambia hapana. Sikusaini.

Najua umeshika kichwa. Nami usiku sikulala, nimelala chali nikihesabu mabati yaliyobaki na madaftari ya watoto, naogopa. Mimi si mtu wa kujifanya shujaa. Nitatafuta kwenye viwanda vya alizeti pale mjini Singida, navyo vina mabomba na vina joto, vitahitaji mtu wa kuviuliza kama vinasema kweli. Wakinikataa nitalima na wewe, utanifokea habari za ndege kama zamani. Lakini ulione hili jambo lilivyo: mlinificha ili nisiache kazi. Nimeshaiacha. Uwongo wenu, ambao mliujenga kwa mapenzi yote hayo, sasa hauna kitu cha kulinda. Unaweza kuutua.

Shida ni moja. Ofisi hawanipi pasi yangu ya kusafiria wala tiketi mpaka siku ya mwisho ya mkataba, na siku hiyo ni baada ya mfungo. Nimewaomba, nimewaambia baba yangu anaumwa. Wakauliza, una uthibitisho? Nina nini mimi? Nina mvua juu ya bati.

Kwa hiyo nimemtuma Shabani, anayekuja likizo. Nimemkataza kukuuliza lolote, maana utamjibu. Nimemwambia aombe kupitishwa alipo Baba, amwamkie kwa niaba yangu, na asiondoke mpaka asikie marahaba kwa masikio yake mwenyewe. Kama ana sauti, kama hana, kama amekaa, kama amelazwa, aone. Kisha anipigie akiwa amerudi barabarani, si akiwa uani kwako. Hiyo ndiyo koki ya chini, Mama. Inabidi niifungue hata kama inakuumiza. Tafadhali usimsimamishe mlangoni ukamkaribisha uji. Na ikiwa jua linawaka kweli siku hiyo, hata hapo usimwambie yuko nje.

Wewe nawe niandikie au unipigie, uniambie kama alivyo. Kama mwaka huu hawezi kufunga, yeye ambaye sijawahi kumwona ameacha hata siku moja, sema hawezi. Kama ni kifua, sema kifua. Kama hainuki mpaka mumwinue wewe na Zainabu, na mgongo wako ulivyo, sema hivyo, nijue na wewe nitakukuta katika hali gani. Ukiniandikia hali yake, ofisi nitawaonyesha, pengine wataniachia mapema. Sitaanguka. Nimembeba mtu kwenye mvuke, nikamshikia simu asilie mbele ya mama yake, na bado natembea.

Tende alizoshika Shabani ni za Baba za kufuturu. Kama hafungi, azile mchana, Mungu ni mwenye huruma.

Mwambie Zainabu sina kinyongo naye, lakini hiyo kamera yake nitaifuta ukungu mwenyewe kwa shati langu. Watoto wake wanisalimie zile kuni walizofokewa. Msalimie sana mama mkubwa, mamaake Jumanne, ambaye tangu afiwe na mumewe, kwake ndiko unakokwenda kulia, nadhani na siku hizi unakwenda. Mzee wa msikitini mwambie betri ya saa ikiisha asubiri, fundi anakuja. Na Jumanne mwambie sikumlaumu. Nilimsikia alivyonyamaza, na katika nyumba yote ni yeye tu aliyenijibu ukweli.

Sasa ile shikamoo niliyoiweka. Ipeleke alipo, kitandani au kwenye mkeka, umsomee kwa sauti, neno kwa neno, nawe usilie unaposoma:

Baba, shikamoo. Nimegonga mzinga umenyamaza, kwa hiyo napanda kuona, kama ulivyonifundisha. Nisubiri. Nitashuka kwenye basi na mfuko wa juisi kama wa Jumanne, na sitaki kuwapa watoto.

Mwanao,
Issa